Farasi wa gatini: injini ndogo za vita na reli za bandarini

Mpenzi msikilizaji, ukipanda treni ya abiria katika kituo cha Tumba, kusini-magharibi mwa jiji la Stockholm, ukielekea Södertälje, utapita Rönninge, kisha Östertälje, na kituo cha tatu utasikia likitangazwa jina la Södertälje hamn. Neno hamn kwa Kiswidi ni bandari. Wenzetu wa Afrika Mashariki waishio pande hizi hulisikia jina hilo kila siku, waendapo kazini na warudipo, na huenda wengi wao hawajalitilia maanani.

Treni hiyo huenda kwa umeme. Reli kuu ipitayo Tumba, itokayo Stockholm kwenda Göteborg, ilifungwa nyaya za umeme tangu mwaka 1926. Hakuna moshi wala makaa, na abiria hutazama simu yake badala ya dirisha. Lakini kuna wakati ambapo maneno haya mawili, reli na bandari, yalikuwa kama pacha. Meli haikupakuliwa bila garimoshi kusubiri ubavuni mwake, na garimoshi hilo halikuwa lile kubwa lenye jina la fahari. Lilikuwa injini ndogo, fupi na nene, iliyosukuma mabehewa kati ya ghala na gati usiku na mchana.

Makala yetu ya leo yanazihusu injini hizo: zile zilizoundwa kwa haraka wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kazi zilizozifanya bandarini, na sababu ya bandari yetu ya Kilindini kuubeba mzigo wa vita hivyo bila ya msaada wake.

Injini isiyo na mkia

Garimoshi la mvuke la safari ndefu huwa na sehemu mbili. Mbele ni injini yenyewe, na nyuma yake hufungwa gari la kubebea makaa na maji. Gari hilo la nyuma ni la lazima safarini, lakini bandarini ni kero. Huongeza urefu, na linamziba dereva macho arudipo nyuma. Reli za gatini nazo hupinda ghafla kupita pembe za maghala, na injini ndefu hutoka nje ya reli mahali ambapo fupi hupita bila taabu.

Jawabu la mafundi lilikuwa injini ya tangi. Maji yake huwekwa katika matangi yaliyobandikwa ubavuni mwa boila au kupanda juu yake kama tandiko la farasi, na makaa hukaa katika sanduku dogo nyuma ya dereva. Injini hiyo haina mbele wala nyuma. Huenda kote kuwili bila kugeuzwa. Uzito wa maji na makaa huyaelemea magurudumu yanayovuta, nayo hushika reli vizuri wakati wa kuondoka na mzigo mzito. Upungufu wake ni kwamba maji huisha upesi. Gatini hilo si tatizo, kwa kuwa bomba la maji haliko mbali.

Kwa hiyo tangu karne ya 19 kila bandari kubwa ilikuwa na kundi lake la injini za tangi. Huko Southampton, kusini mwa Uingereza, kazi hiyo ilifanywa na injini zenye magurudumu manne tu, zilizoundwa kuanzia mwaka 1891. Zilikuwa bado zinahangaika gatini vita vilipozuka mwaka 1939, karibu nusu karne baadaye.

Shehena tele, mlango mwembamba

Msikilizaji, wanaosimulia vita hupenda kusimulia mizinga, ndege na majemadari. Lakini majemadari wenyewe walikuwa wakikesha kwa ajili ya jambo jingine: magati. Jeshi moja la kisasa lilihitaji maelfu ya tani za chakula, mafuta na risasi kila siku, na shehena hiyo yote ilipaswa kupita mahali pembamba, pale meli inapokutana na nchi kavu. Meli ikifunga gati na mzigo wake usiondolewe upesi, meli ya pili husubiri nje. Ya tatu nayo husubiri. Baada ya wiki moja bandari huwa imesongwa kama koo la mtu aliyepaliwa, hata kama bahari nzima ni salama.

Marekani ilipoingia vitani, wahandisi wake walijua kwamba siku moja majeshi yao yangetua Ulaya na kukuta bandari na reli zimevunjwa. Kanali Howard G. Hill alibuni injini ya tangi yenye magurudumu sita, uzito wa tani 46 hivi, na umbali wa mita 3 tu kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Ufupi huo uliiwezesha kupinda penye kona kali za bandarini. Ilikuwa nyembamba na fupi vya kutosha kupita chini ya madaraja ya Uingereza, ambayo ni ya chini kuliko ya Marekani, na matengenezo yake hayakuhitaji karakana kubwa. Viwanda vitatu vya Marekani, vya Davenport, Porter na Vulcan Iron Works, viliunda jumla ya injini 382 za namna hiyo. Za mwanzo zilifika Uingereza kwa meli mwaka 1942. Waingereza waliozoea injini zao zenye umbo laini walizikuta hizi zikiwa na mabomba nje na vichuguu vitatu juu ya boila, wakazibandika jina la tangi za Kiyankii.

Waingereza nao hawakukaa bure. Mwaka 1943 kampuni ya Hunslet ya Leeds ilianza kutoa injini ya tangi ya aina yake, yenye tangi la maji juu ya boila kama tandiko. Iliitwa kwa jina la ubanifu wa wakati wa vita, kwa sababu kila kilichoweza kupunguzwa kilipunguzwa: chuma cha kusubu kilitumika mahali pa chuma ghali, na mapambo yote yaliondolewa. Hadi mwaka 1947 zilikuwa zimeundwa 377 kwa ajili ya jeshi. Zilikusudiwa zifanye kazi ngumu kwa muda mfupi, kisha zitupwe.

Mwezi Juni mwaka 1944 majeshi ya washirika yalitua Normandy. Bandari ya Cherbourg ilitekwa mwishoni mwa mwezi huo, lakini Wajerumani walikuwa wameibomoa vibaya mno kabla ya kusalimu amri. Ilibidi ifufuliwe, na kuanzia Julai injini na mabehewa kutoka Uingereza zikaanza kushushwa pale. Tarehe 4 Septemba ikatekwa Antwerp, nchini Ubelgiji, bandari kubwa ambayo magati yake yalikutwa karibu mazima. Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikudumu. Mto uendao baharini ulikuwa bado mikononi mwa Wajerumani, na meli za shehena hazikuanza kupakuliwa hadi tarehe 28 Novemba. Karibu miezi mitatu ilipita majeshi yakisonga mbele na matumbo yao yakibaki nyuma. Malori yalikesha barabarani kutoka Normandy, mengi yakiendeshwa na askari Wamarekani weusi, kufanya kazi ambayo gati moja lenye reli lingeifanya kwa urahisi zaidi. Mdharau mwiba, wahenga walisema, mguu huota tende.

Wageni wa Southampton

Vita vilipokwisha mwaka 1945, injini hizi zilibaki zimepangwa safu kwa safu zikingoja mnunuzi. Kampuni ya reli ya kusini mwa Uingereza ilikuwa na bandari ya Southampton yenye shughuli nyingi na vikongwe vyake vya mwaka 1891 vilivyochoka. Mwaka 1946 ikaijaribu moja ya injini za Kimarekani. Iliporidhika ikanunua nyingine, na 14 kati yake zikaingia kazini zikipewa nambari 61 hadi 74.

Hazikuingia kama zilivyokuja. Madirisha ya dereva yalipanuliwa ili aone pande zote, na sanduku la makaa likaongezwa ukubwa. Baadaye zilifungwa simu za redio, ili dereva aweze kuzungumza na msimamizi aliyekuwa mbali katika mtandao mpana wa reli za bandari ile. Sisi tulio katika kazi ya redio hatuna budi kutabasamu tusikiapo kwamba chombo chetu kilipata nafasi ndani ya garimoshi la makaa.

Ubanifu wa wakati wa vita nao ulidai haki yake. Visanduku vya moto vilivyotengenezwa kwa chuma cha pua ya kawaida, badala ya shaba iliyozoeleka Uingereza, vilishika kutu upesi kwa sababu ya maji ya eneo lile yenye chokaa nyingi. Kufikia mwaka 1951 kadhaa vilibidi kubadilishwa. Hata hivyo injini zenyewe ziliendelea. Zilipanga mabehewa ya abiria wa meli kubwa za Atlantiki, Queen Mary na Queen Elizabeth, na ya meli za barua zilizoondoka kila Alhamisi kwenda Cape Town. Mwaka 1962 injini za dizeli zilichukua nafasi yao gatini. Chache zilibaki katika kazi nyingine hadi mwezi Julai mwaka 1967, mvuke ulipokomeshwa kabisa katika reli za kusini mwa Uingereza. Chombo kilichoundwa kwa vita vya miaka michache kilikuwa kimetumika miaka 20 katika amani.

Ndugu zao walitawanyika duniani. Yugoslavia ilipata zaidi ya 100, na ilizipenda kiasi cha kujiundia nyingine kwa kuiga umbo lilelile. Ugiriki ilipata 20, Ufaransa 77, na Austria 10. Nyingine zilikwenda Misri, Palestina na Iraq. China nayo ilipewa katika msaada wa Umoja wa Mataifa wa kufufua nchi zilizoharibiwa na vita.

Kwa nini hazikufika Kilindini

Hapa, mpenzi msikilizaji, huenda umeshajiuliza swali. Ikiwa injini hizi zilifika Ugiriki, Iraq na China, kwa nini hazikuonekana Mombasa wala Dar es Salaam, bandari ambazo nazo zilikuwa ndani ya vita?

Jibu ni upana wa reli. Injini za Kanali Hill ziliundwa kwa reli yenye upana wa milimita 1,435, ambao ndio wa kawaida Ulaya na Marekani. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilikuwa na upana wa mita moja. Kipimo hicho kilitoka India, pamoja na wafanyakazi, mafundi na vifaa vingi vya ujenzi. Wajerumani nao walijenga reli za Tanga na Dar es Salaam kwa kipimo hichohicho cha mita moja. Uamuzi uliochukuliwa kwa sababu ya kubana matumizi katika karne ya 19 ulizifungia nje injini za mwaka 1942. Tofauti ya chini ya nusu mita ilitosha.

Hata hivyo Afrika Mashariki haikuwa ngeni katika somo la reli na bandari vitani. Mwezi Novemba mwaka 1914 Waingereza walishusha Tanga kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India, wakitaka kuiteka bandari ambayo pia ilikuwa mwanzo wa reli ya Usambara. Waliokuwa wakiilinda, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, hawakuzidi 1,000 hivi, wengi wao wakiwa askari Waafrika. Lakini siku zile Waingereza walizozipoteza majini kabla ya kushambulia zilitosha kwa magarimoshi kuwaleta askari kutoka Moshi, zaidi ya kilomita 300, na kuwashusha karibu na uwanja wa mapambano. Waingereza walirudi melini wameshindwa, wakaacha silaha nyingi nyuma.

Kilindini katika Vita vya Pili

Vita vya Pili vilipofika, Kilindini ilikuwa bandari ya kisasa kwa kadiri ya wakati ule. Magati ya maji ya kina yalianza kutumika katika miaka ya 20, na kufikia mwaka 1931 yalikuwa matano, kila moja likiwa na reli. Katika kipindi hichohicho, kati ya mwaka 1926 na 1930, Reli ya Kenya na Uganda ilinunua injini 27 za tangi zilizoundwa na kiwanda cha Vulcan Foundry cha Newton-le-Willows, Uingereza. Hiki kisichanganywe na kile cha Marekani kilichofanana nacho kwa jina. Zilikuwa na magurudumu sita ya kuvuta na madogo mawili mbele na mawili nyuma, na kazi yao ilikuwa ya vibarua: kupanga mabehewa stesheni na bandarini.

Kisha mzigo ukaja. Mwaka 1940 na 1941 wanajeshi na zana za Afrika Kusini zilishushwa Mombasa kwa vita dhidi ya Waitalia huko Somalia na Ethiopia. Mwezi Aprili mwaka 1942 ndege za Kijapani zilishambulia Colombo na Trincomalee, na manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zikahamia Kilindini. Shule ya Allidina Visram ikageuzwa kituo cha kusikiliza na kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Mji uliozoea majahazi ya kaskazi na kusi ukajikuta mwenyeji wa manowari.

Kwa safari ndefu za kwenda Nairobi na Uganda, serikali ya Uingereza ilikubali kutoa injini mpya. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliunda injini kubwa za Garratt kwa mahitaji ya vita, na baadhi zilifika Kenya mwaka 1944. Hizo ndizo zinazokumbukwa, na ni haki, kwa kuwa zilikuwa za ajabu. Lakini kila behewa lililovutwa na Garratt lilikuwa limekwisha kusukumwa kutoka gatini na injini ndogo. Kazi hiyo iliangukia zilezile zilizonunuliwa kabla ya vita.

Halikuwa gati la mizigo peke yake. Askari wa King's African Rifles waliokwenda Burma waliondokea hapo. Mwezi Februari mwaka 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo. Tarehe 12 mwezi huo nyambizi ya Kijapani iliizamisha karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa muda wa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kwa familia nyingi za Kenya, Uganda na Tanganyika, gati la Kilindini ndilo la mwisho kukanyagwa na kijana wao.

Mikono iliyofunga mabehewa

Injini haijifungi yenyewe kwenye behewa. Palikuwa na dereva na mchochea moto ndani, na chini yao mtu aliyekimbia kati ya mabehewa kufunga na kufungua minyororo, akiwa na taa usiku na bendera mchana. Palikuwa na wageuza njia, wasafisha majivu na makuli waliobeba magunia kutoka winchi hadi mlango wa behewa. Hatari ya kubanwa kati ya mabehewa mawili ilikuwa ya kila saa. Mvua, giza na haraka ya vita viliiongeza.

Watu hao walijua thamani ya kazi yao mapema kuliko waajiri. Mwaka 1939, kabla ya vita kuanza, makuli wa Mombasa waligoma. Vita vikapandisha bei za vyakula na kodi za nyumba, na mishahara ikachechemea nyuma. Tarehe 13 Januari mwaka 1947 mji wote ulisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli, mahoteli na majumbani waliacha kazi kwa muda wa siku 12 hivi. Chege Kibachia, aliyeibuka kuwa kiongozi wa shirikisho lao, alikamatwa mwezi Agosti mwaka huo na kupelekwa uhamishoni Kabarnet, wilaya ya Baringo. Mwezi Septemba makuli wa Dar es Salaam nao wakagoma, na mgomo ukasafiri bara kwa njia ya reli, kituo baada ya kituo, kama vile mzigo wenyewe ulivyosafiri.

Serikali za kikoloni zilitishika, na sababu yake ni ileile iliyowakosesha usingizi majemadari wa Ulaya mwaka 1944. Penye gati ndipo uchumi wa nchi nzima ulipopitia tundu moja la sindano. Aliyelishika tundu hilo alikuwa kuli na mfunga mabehewa, ijapokuwa mshahara wake ulikuwa wa mtu asiyehesabika.

Baada ya vita msongamano haukupungua, bali ulizidi. Vifaa vilivyoagizwa na makoloni vilimiminika kwa pamoja. Mradi mkubwa wa karanga wa Tanganyika, ulioanza mwaka 1947, uliishindilia bandari ya Dar es Salaam matrekta na vipuri, na ukazaa bandari mpya ya Mtwara na reli yake ya kwenda Nachingwea. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 60 hata reli ile ikang'olewa. Mnamo Mei mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Shirika hilo liliagiza injini mpya 18 za tangi kutoka Glasgow, zilizofika mwaka 1952 na 1953. Kwa hiyo msaada ulifika, ila ulifika miaka saba baada ya vita kumalizika.

Mwisho wa safari

Turudi sasa Sweden. Nchi hii haikupigana katika vita vile, lakini haikuepuka taabu yake. Makaa ya mawe yaliadimika, na magarimoshi ya mvuke yakachomewa kuni. Reli zilizokuwa na umeme, kama hii ya Tumba, ziliokoa nchi. Hata hivyo wakuu wa reli walibaki na wasiwasi: adui akipiga mabomu vituo vya umeme, treni zote zitasimama. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa baada ya vita, Sweden iliweka akiba ya magarimoshi ya mvuke, yaliyopakwa grisi na kufichwa, yakingoja siku ambayo haikufika.

Katika akiba hiyo ziliingia injini mbili za vita za Kiingereza. Hizi hazikuwa za tangi, bali ndugu zao wakubwa wa safari ndefu, zilizoundwa kwa ubanifu uleule. Zilitumika Uholanzi, kisha Sweden ikazinunua mwaka 1953. Moja iliundwa mwaka 1945 katika kiwanda cha Vulcan Foundry, kilekile kilichoziunda injini za tangi za Kilindini. Mwaka 1973 wapenzi wa reli waliirudisha Uingereza, katika reli ya Keighley, Yorkshire. Huko ilikutana na injini ya Kimarekani nambari 72, iliyotoka kwenye magati ya Southampton, na kwa miaka mingi mashine hizo mbili za vita zilivuta watalii na watoto wa shule katika bonde moja.

Kati ya injini 14 za Southampton, nne zimehifadhiwa. Kwetu, Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1971. Mgeni akiingia huelekezwa kwanza kwenye Garratt kubwa iitwayo Mount Gelai, na hupiga picha hapo. Injini ndogo za tangi zimo pia. Ukifika, nakuomba uzipe dakika zako chache.

Mwaka 2017 Kenya ilifungua reli mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi, na upana wake ni milimita 1,435. Kipimo kilichozizuia injini za Kanali Hill kufika Kilindini hatimaye kimefika, miaka 75 baada ya injini ya kwanza kushushwa Uingereza, na kimeletwa na wajenzi wa China, nchi iliyopata kuzitumia injini hizo. Mwaka 2024 Tanzania nayo ilianza kusafirisha abiria kutoka Dar es Salaam kwa treni za umeme juu ya upana huohuo. Abiria wa Morogoro na abiria wa Tumba sasa wanasafiri kwa namna moja. Swali la bandarini halijabadilika: kontena likishuka melini, nani ataliondoa gatini, kwa haraka gani, na atalipwa nini?

Mpenzi msikilizaji, siku ukipita Södertälje hamn, au ukisimama Kilindini, Tanga au Kurasini, tazama chini kabla ya kutazama meli. Penye saruji ya zamani mara nyingi utaona vipande viwili vya chuma vilivyozama ardhini, vikipinda kuelekea ghalani. Hapo ndipo palipopita injini ndogo, na pembeni yake alikimbia mtu mwenye taa mkononi.